Damu ya Ukoo, Malezi, na Vijana Wetu: Somo la Familia

Methali zetu wenyewe hazipatani juu ya jambo hili. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumezisikia zote mbili tangu utotoni, mara nyingi kutoka kinywa cha bibi yule yule, kutegemea anayesemwa ni mtoto wa nani. Akiwa wa jirani, ni damu yao. Akiwa mjukuu wake, ameharibiwa na marafiki.

Hapa Markham methali hizo zimevaa nguo mpya. Kijana wa miaka 15 anapojifungia chumbani wiki nzima, anapoacha kula na wenzake, anapopigana shuleni au mzazi anapoitwa na mwalimu mkuu kila mwezi, tunasikia moja kati ya kauli mbili. "Hilo limetoka upande wa baba yake, kule kwao wako hivyo." Au: "Ni Kanada hii, watoto wa hapa wameharibika." Kauli zote mbili zinafanana kwa jambo moja: hazimpi mtu yeyote kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi.

Tumeandaa somo hili hasa kwa sababu ya swali ambalo daktari wa familia humuuliza mzazi anapompeleka kijana wa namna hiyo. Je, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, kuwa na huzuni isiyoisha, kutawaliwa na pombe, au kujitoa uhai? Jibu linalotolewa mara nyingi ni "hapana", na hutolewa haraka. Wakati mwingine anayelitoa ana kumbukumbu ya mjomba aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba kwa miaka. Tunaomba tufike kwenye swali hilo polepole, kwa sababu mtu hawezi kulijibu vizuri kama haelewi kwa nini anaulizwa.

Kwanza, tusidhani ni jambo la nyumba chache. Mwaka 1983 daktari Dan Offord na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, pale Hamilton, walifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya watoto wa Ontario. Uchunguzi huo ulirudiwa mwaka 2014 kwa watoto na vijana zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 4 hadi 17. Mara zote mbili ilionekana kwamba karibu mtoto 1 katika kila 5 alikuwa na tatizo la hisia au la tabia lililofikia kiwango cha ugonjwa. Hesabu watoto wanaokaa mstari mmoja wa viti kanisani. Na wengi wa watoto hao wa Ontario hawakuwa wamefika kwa mtaalamu yeyote wa afya ya akili.

Sasa, damu. Wataalamu wamepata njia nzuri ya kuipima, nayo ni mapacha. Kuna mapacha waliotoka katika yai moja, ambao vinasaba vyao ni sawa kabisa. Kuna wengine waliotoka katika mayai mawili, ambao wanafanana kama ndugu wa kawaida tu, ingawa walikaa tumbo moja na wanakula meza moja. Ikiwa wale wa yai moja wanafanana kwa huzuni au kwa ukorofi kuliko wale wa mayai mawili, tofauti hiyo inaelekea kutoka kwenye urithi. Mwaka 2015 ulitolewa muhtasari wa miaka 50 ya uchunguzi wa namna hii, wenye jumla ya jozi zaidi ya milioni 14 za mapacha kutoka pande nyingi za dunia. Kwa wastani, ukichukua kila kitu kilichopimwa, karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu iliendana na urithi. Kwa sonona, yaani ile huzuni nzito inayomlaza mtu, ni kama asilimia 37. Kwa lile tatizo la kutotulia na kukosa umakini, ambalo shuleni hapa huitwa kwa herufi ADHD, ni zaidi ya asilimia 70.

Kwa hiyo bibi hakukosea alipotaja damu. Mtoto wa mzazi aliyeugua sonona yuko katika hatari karibu mara 3 ya mtoto mwingine. Mzazi anayesema "mtoto huyu ana nidhamu mbovu tu" huku mwenyewe alikuwa hawezi kukaa darasani dakika kumi pale Bukavu au Kisumu, anapaswa kujitazama kwanza.

Lakini hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa wanasikia "urithi" wanaelewa "haibadiliki". Wazazi waliojifungulia Ontario watakumbuka muuguzi alimchoma mtoto kisigino siku ya kwanza au ya pili na kuchukua matone ya damu kwenye karatasi. Moja ya magonjwa yanayotafutwa katika matone hayo, na lilitafutwa hapa tangu miaka ya 1960, huitwa fenilketonuria. Huo ni ugonjwa wa urithi mtupu, hakuna malezi ndani yake. Mtoto huzaliwa hawezi kusaga sehemu fulani ya protini, na asipogunduliwa mapema ubongo wake huharibika kabisa. Dawa yake kubwa ni chakula. Akizuiwa nyama, maziwa na maharage tangu wiki za kwanza, na kupewa lishe maalum, anakua, anasoma, anaoa. Kasoro yake imetoka kwenye damu asilimia mia moja, na kinachomponya kimetoka jikoni. Huzuni na ukorofi havina chakula cha namna hiyo, tusidanganyane. Tunachotaka kionekane ni kwamba mahali tatizo lilipotoka na mahali linapotibiwa panaweza kuwa pawili tofauti.

Jambo la pili linalochanganya watu ni matumaini ya kupata kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Hakipo. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza vinasaba vya watu zaidi ya 800,000 walikuta mabadiliko 102 yanayohusiana na sonona, kila kimoja kikiongeza uzito mdogo sana, kama punje moja kwenye gunia. Wengi waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya. Ndiyo maana vile vifaa vya kutemea mate vinavyouzwa mtandaoni, ambavyo vijana wetu wanavipenda, haviwezi kumwambia binti mwenye asili ya Goma au Mombasa kama ataugua sonona. Kazi ya kujaza pengo hilo imeanza: Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Makerere vimeshiriki katika utafiti mkubwa wa vinasaba vya magonjwa mazito ya akili, pamoja na Ethiopia na Afrika Kusini. Kwa sasa, historia ya ukoo inayosimuliwa kwa ukweli ina faida kuliko mate ndani ya kichupa.

Tufike Finland, maana huko ndiko kulikopatikana jibu lililotufundisha zaidi. Daktari Pekka Tienari na wenzake walitafuta wanawake waliolazwa hospitali kwa ugonjwa wa skizofrenia, ambao mtu husikia sauti na kupoteza mshiko wa mambo halisi, na ambao watoto wao walichukuliwa kulelewa na familia nyingine. Wakalinganisha watoto hao na watoto wengine wa kulelewa ambao mama zao hawakuwa na ugonjwa huo. Kisha wakaenda majumbani mwa familia za walezi, wakatazama jinsi watu wanavyoishi: kama wanasemezana, kama wanalaumiana kila saa, kama mipaka inaeleweka, kama kuna amani mezani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalikuwa hivi. Kwa watoto wasio na urithi huo, nyumba yenye vurugu haikuongeza sana uwezekano wa kupata magonjwa ya kundi hilo. Kwa watoto waliozaliwa na mama mgonjwa, nyumba ilikuwa na uzito mkubwa. Waliolelewa katika vurugu na lawama waliugua zaidi sana. Waliolelewa katika nyumba tulivu walikaribia wale wasio na urithi kabisa.

Someni tena aya hiyo, wazazi wenzetu, kwa sababu inageuza mazungumzo yetu. Tumezoea kufikiri kwamba mtoto wa "ukoo ule" malezi hayatamsaidia, ya nini kujisumbua. Inaonekana ni kinyume. Yeye ndiye anayehitaji nyumba tulivu kuliko wote, na yeye ndiye anayefaidika nayo kuliko wote. Alichorithi kinafanana na ngozi nyepesi: jua lile lile linalowaangaza ndugu zake, yeye linamchoma.

Hapa inabidi tuseme neno juu ya bangi, hata kama mada hiyo inawachosha vijana. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 bangi ni halali Kanada, na Ontario inaruhusiwa kuanzia miaka 19. Vijana wanatuambia, "Ni halali, na ni mmea." Sawa. Lakini kwa kijana ambaye katika ukoo wake kuna mtu aliyepata kichaa cha kusikia sauti, bangi katika miaka ya ujana, hasa hii kali ya siku hizi, inaongeza hatari waziwazi. Kijana huyo ana haki ya kujua kwamba alikuwa na shangazi wa namna hiyo kabla rafiki hajampa ile ya kwanza nyuma ya kituo cha basi. Akinyimwa habari hiyo kwa ajili ya heshima ya ukoo, ni yeye anayelipa.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, na tuanze na fimbo, kwa kuwa ndiyo tuliyokuja nayo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Watoto waliochapwa zaidi ndio walioonyesha ukaidi zaidi na ukorofi zaidi. Tunajua mtakalosema, kwa sababu sisi pia tumelisema: bila shaka, mtoto mkorofi ndiye anayechapwa! Ni swali la haki, na mapacha wamelijibu.

Huko Uingereza na Wales jozi 1,116 za mapacha waliozaliwa mwaka 1994 na 1995 zimefuatiliwa tangu utotoni. Kuhusu kofi la kawaida, hoja yenu ina ukweli kiasi: mtoto aliyezaliwa na tabia ya usumbufu huwafanya wakubwa wainue mkono mara nyingi zaidi. Lakini kipigo cha kuumiza, kinachoacha alama, hakikutokana na asili ya mtoto. Kilitokana na mtu mzima na hali ya nyumba ile. Na watoto walioumizwa hivyo walizidi kuwa wakorofi hata baada ya watafiti kuondoa mchango wa urithi katika hesabu zao. Mtoto mgumu humchokoza mzazi, mzazi humpiga, ugumu unaongezeka. Katika mduara huo aliye mtu mzima ni mmoja tu, kwa hiyo ni yeye wa kuukata.

Kwa wenzetu mliopita kambini kuna utafiti mwingine wa kutazamwa kwa upole. Miaka ya karibuni watafiti walizungumza na familia zaidi ya 200 za wakimbizi wa Burundi katika kambi za mkoa wa Kigoma. Mahangaiko ya akili ya wazazi yaliendana na mahangaiko ya watoto wao, na sehemu ya njia ilipita katika ukali wa nyumbani na katika mtoto kukosa uhakika kama mzazi wake ni kimbilio. Mzazi anayeamka usiku akipiga kelele, anayekasirishwa na mlango ukigongwa kwa nguvu, hakuchagua hivyo. Akipata matibabu yake mwenyewe, atakuwa amemtibu na mtoto. Tunawaomba wazee wa kanisa wasiliite jambo hili upungufu wa imani.

Sheria ya hapa nayo ijulikane, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada iliweka mipaka: nguvu ndogo ya mzazi ya kumrudi mtoto inavumiliwa kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12 tu, bila kifaa chochote, bila kumpiga kichwani. Kijana wa miaka 14 hapigwi kofi kisheria. Mkanda, mwiko na ndala ni kosa kwa umri wowote.

Baada ya hayo yote mtu anaweza kudhani kwamba kuhamia huku kumewaangamiza watoto wetu. Takwimu za Kanada zinasema jambo jingine. Daktari Morton Beiser wa Toronto na wenzake walichambua habari za watoto wa miaka 4 hadi 11 wa nchi nzima, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Watoto wa wahamiaji wapya walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kuishi katika umaskini kuliko watoto wa waliozaliwa Kanada. Hata hivyo matatizo yao ya hisia na tabia yalikuwa machache kuliko ya wenzao. Kwa familia za hapa umaskini mara nyingi uliambatana na nyumba kuvunjika na mzazi kukata tamaa, na hayo ndiyo yaliyomfikia mtoto. Familia za wahamiaji zilikuwa maskini lakini bado zimeshikamana, na zilikuwa na matumaini kwamba umaskini huo ni wa kupita.

Kwa hiyo tuliingia nchi hii na kinga mkononi. Tujiulize kama bado tunayo. Baba anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mama anahudumia wazee zamu ya mchana, wanakutana kwenye ngazi wakipeana ufunguo wa gari. Kodi ya nyumba ya Markham haina huruma, na hatumlaumu mtu kwa zamu zake. Lakini kama meza ya pamoja ilikuwa sehemu ya kinga ile, basi hata mlo mmoja kwa wiki wenye watu wote, simu zikiwa chumba kingine, ni dawa ya kweli. Tunapendekeza Jumapili baada ya ibada, kwa sababu hata ugali wa saa tisa ni ugali.

Turudi kwa daktari na swali lake. Haulizi ili ahukumu ukoo wenu. Anauliza kwa sababu jibu hubadilisha anachofanya: dawa gani aanze nayo, aangalie dalili zipi, amwone kijana tena baada ya wiki moja au miezi mitatu, amtahadharishe juu ya nini. Kijana mwenye huzuni ambaye ndugu yake wa damu alijitoa uhai hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Kijana mwenye huzuni ambaye mama mdogo alikuwa na vipindi vya furaha kupita kiasi, bila kulala siku kadhaa, huenda asipewe dawa ile ile, kwa kuwa dawa ya kawaida ya sonona inaweza kumrusha upande wa pili. Ukisema "hapana" ili kuficha aibu, daktari anatibu kijana mwingine ambaye hayupo chumbani.

Na siri inalindwa. Daktari amefungwa na sheria ya Ontario ya habari za afya ya mwaka 2004, na habari za marehemu babu hazipelekwi Uhamiaji wala kwa kiongozi wa kanisa. Wazazi wajue pia kwamba Ontario haina umri maalum wa kukubali matibabu. Kijana anayeelewa anachoambiwa anaweza kukubali mwenyewe, na daktari anaweza kuombwa na kijana asiwaeleze wazazi yote, isipokuwa pakiwa na hatari. Jambo hili linawauma wengi wetu. Lakini vijana wengine wasingesema lolote bila ulinzi huo.

Kabla ya miadi, pigeni simu nyumbani. Msiulize, "Je, kulikuwa na kichaa kwetu?" maana shangazi atakata simu. Ulizeni kwa lugha ya mambo yaliyoonekana. Nani alikuwa akikaa peke yake miezi mingi? Nani alikunywa hadi akauza shamba? Nani aliondoka usiku akizungumza na watu wasioonekana? Kuna kifo ambacho hakizungumzwi? Wazee hujibu maswali ya namna hii, na mara nyingi jibu linakuja siku ya pili, kwa sauti ya chini. Andikeni uhusiano wake na mtoto, umri wa kuanza, na kilichomsaidia. Na tafadhali, msimfanye kijana awe mkalimani wa miadi yake mwenyewe. Ombeni mkalimani wa kliniki mapema, au mtu mzima mnayemwamini.

Tunajua kwamba wengine mkisikia "limetoka katika ukoo" mnafikiria laana, na kuna wanaosafiri mbali kutafuta maombi ya kuivunja. Soma Ezekieli sura ya 18. Watu wa wakati ule walikuwa na methali yao, ya akina baba waliokula kitu kikali na watoto wakapata ganzi menoni, na nabii anawaambia waache kuitumia. Soma pia Yohana sura ya 9, swali la wanafunzi kuhusu kipofu, kama kosa ni lake au la wazazi wake, na jinsi Yesu anavyokataa yote mawili. Kuomba pamoja na mtoto ni jambo jema. Kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba amebeba laana ni kumwongezea mzigo ambao hata vinasaba havikumpa.

Vikundi vya nyumbani vikikutana wiki hii, tunapendekeza maswali mawili tu, na vijana wawepo. Wazazi wajibu: nilipokuwa na umri wako, nini kilinisumbua ambacho sikumwambia mtu? Vijana wajibu: ni saa gani nyumba yetu ina amani, na ni saa gani haina?

Kijana akisema anataka kufa au anajiumiza, asiachwe peke yake, na msingoje Jumapili. Pigeni au tumeni ujumbe 988, saa yoyote. Kwa hatari ya papo hapo ni 911. Kwa wakazi wa York Region kuna laini ya dharura ya afya ya akili, 1-855-310-2673. Vijana wenyewe wanaweza kupiga Kids Help Phone, 1-800-668-6868, au kutuma ujumbe kwa 686868. Anayetafuta huduma za karibu na hajui aanzie wapi apige 211 na aombe mkalimani wa Kiswahili.